Chui wangu wa oil paint alivyokula salfa huku Newala

Wakuu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, kimenikuta hapa Newala, na sijakitia chumvi. Kilichotiwa ni salfa, mtaona.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Saluni, vinyozi, vibanda vya chipsi, kote nimepita. Ila ndoto yangu ni wanyama, tena kwa oil paint zile za kwenye tyubu, siyo rangi ya mafuta ya kupaka milango.

Basi Mama Rehema, mwenye hoteli ya chai kule Kitangari, akanipa oda: sura ya chui, kubwa, ikae ukutani. Usingizi ulikata kwa furaha.

Kaka yangu Shaibu ni mkulima wa korosho. Akaniambia, "Huyo chui akikataliwa, brashi unaweka chini, unakuja shambani. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Ningefanyaje?

Nikachora kwa moyo wote. Macho peke yake yalinilia siku nzima. Wakuu, macho ya chui ni kazi, ukikosea kidogo tu anakuwa paka wa jirani.

Kosa langu: nilidhani itakauka kama ile ya milango, ukilala ukiamka tayari. Wapi! Siku zinapita, ukigusa inanata. Bibi yetu, tunayekaa naye, akachoka na harufu.

"Mjukuu wangu, mnyama wako ananuka. Akae nje."

Alfajiri nikamtoa, nikamwegemeza ukutani, nikaenda zangu kuchota maji.

Asubuhi ile ile kaka alikuwa anapuliza mikorosho nyuma ya nyumba. Wa huku mnajua, unga wa salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, unapulizwa umande ukiwa bado, ili ushike kwenye majani.

Ukashika na kwa chui.

Narudi na ndoo, mnyama wa manjano mwili mzima! Bibi kaziba mdomo asicheke. Kaka kazima mashine, na yeye wa manjano, anasema, "Sikumwona, haki ya Mungu."

Nikamkung'uta, macho nikayasafisha kwa pamba. Manyoya yakagoma, unga umeshazama kwenye rangi. Nikampeleka hivyo hivyo, kaka nyuma yangu.

Mama Rehema akamtazama weee. "Mbona kama katoka kulala mkoroshoni?"

Nikajua habari yangu imekwisha.

Sijajibu bado, mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akanyanyua kikombe chake, akahamia benchi la upande wa pili.

"Huyo mimi mgongo simpi," akasema.

Hoteli nzima kicheko! Mama Rehema naye hoi, akaagiza nyundo na msumari.

Tukarudi na kaka. Tulipofika nyumbani akasema, "Mdogo wangu, kesho napuliza tena upande wa nyumba. Ingiza wanyama wako."

Wakuu, nilienda chumbani nikalia kidogo.

Nilichojifunza: oil paint haina haraka. Na ukiota ndoto zako katikati ya wakulima, uliza kwanza leo nani anapuliza.

Wenye uzoefu, nyie mnakausha wapi? Na aliyewahi kuchora palahala aniambie, zile pembe ndefu za kupinda nyuma zinanitesa. Kunicheka ruksa.