Makande Yaliyochacha Chini ya Mabati

Harufu ya makande yaliyochacha haifichiki. Inakupanda puani kabla hujafunua sufuria, ukali kama wa pombe changa uliochanganyika na maharage, na nyumbani kwetu Same, msimu ule wa joto, ilikuwa harufu ya aibu. Mpare hupika makande mengi jioni, mahindi na maharage pamoja, ili yaliwe hata kesho yake. Mke ambaye makande yake hayafiki asubuhi huambiwa hajui kuosha sufuria, na ndivyo mama yangu alivyoanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, na ghafla maduka yakajaa. Baba, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni, akaondoa paa letu la nyasi na kuezeka mabati. Migunga iliyokuwa nyuma ya nyumba akaikata, akajenga vyumba vya kupangisha vibarua wa mkonge. Majirani wakamwiga mmoja baada ya mwingine, mtaa ukang'aa hadi macho yakauma. Nilikuwa msichana wa darasa la nne na nilijivuna sana. Hakuna aliyeyahusisha mabati na sufuria.

Bibi mzaa baba aliposhuka kutoka Gonja, milimani, kuja kutusalimu, alikuta makande ya asubuhi yanatoa povu. Siku zilizofuata akawa anabinua sufuria kuikagua, ananusa mwiko, kisha akaniita kando. “Mjukuu wangu, mama yako anasugua chombo kwa majivu, au anakimwagia maji tu?” Nilimwambia anasugua, lakini hakuniamini; mtoto wa nyoka ni nyoka. Jioni akamtangazia baba kwamba atanichukua nikakae naye Gonja, nijifunze jiko kwa mtu anayelijua. Mama alikuwa akichambua maharage. Niliona machozi yake yakidondoka kwenye ungo, nikamchukia bibi kwa moyo wangu wote.

“Mama,” alisema mama bila kuinua uso, “kabla hujamchukua, naomba upike wewe.”

Bibi akasugua sufuria mwenyewe, akapika, akafunika. Asubuhi, povu. Badala ya kukubali, akashuku kwamba mama ametia kitu! Akapika tena, na safari hii nusu akaipeleka kwa jirani yetu Nakijwa, mjane ambaye nyumba yake bado ilikuwa ya nyasi chini ya mgunga. Nusu yetu akaisukuma chini ya kitanda chake, mama asiifikie. Kulipokucha, ya Nakijwa ilikuwa nzima na yetu imechacha. Bibi alitoka uani, akayatazama mabati kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” alimwambia baba, “mchawi wa nyumba hii umempandisha wewe mwenyewe juu ya paa.”

“Si mabati, mama. Jua la siku hizi limebadilika. Dunia nzima inalia joto.”

“Dunia nzima haikukata migunga yako.”

Akarudi Gonja bila mimi. Mama hakuombwa radhi.

Likizo iliyofuata nilipanda kumtembelea. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya nyumba yake ya nyasi, penye migomba na kivuli kila upande, akiwamwagia kuku makande haraka haraka. Harufu niliijua. Alishtuka aliponiona, akafuta mikono kwenye kanga. “Usimwambie baba yako,” alisema.

Leo Same ni lami, matofali na mabati, na mchana hata mbuzi hugombea kivuli cha ukuta. Watu wanabishana kama baba na bibi: ni mji unaokua, au ni tabianchi ya dunia? Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Mwenye nyumba za kupangisha anapoilaumu dunia, simwamini. Wa milimani anayeulaumu mji tu, naye simwamini, kwa sababu niliona kuku wale wakila. Nadhani joto lina wazazi wawili, na kila mmoja anamkana mtoto.

Majuzi nilimuuliza mama, ambaye sasa ni mzee, yeye yuko upande gani. Alinitazama kama mtu anayepima kama swali lina mtego.

“Mji una kosa na dunia ina kosa,” alisema. “Lakini aliyehukumiwa ni mimi.”