Sahani Moja Katika Pipa la Mama Ngoie

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa aproni nyeupe, daftari la ziara na kijiti. Aproni na daftari nilivielewa. Kijiti ilibidi niulize.

"Cha kuchokolea pubeli," alinijibu Madamu Diretrisi, mkuu wetu. Pubeli ni pipa la takataka. "Mwanamke anaweza kukudanganya kwa mdomo. Pubeli yake haiwezi."

Hiyo ilikuwa kambi ya Panda, miaka ya mwanzo ya kampuni ya migodi kuwa mali ya Serikali. Nilikuwa monitrisi, mwalimu wa akina mama katika fwaye, nyumba ya mafunzo ya kambi. Asubuhi tulifundisha kushona na kupika; mchana tulizunguka nyumba kwa nyumba. Somo langu lilikuwa chakula kisipotee, ili posho, yaani unga, maharagwe na samaki waliogawiwa wafanyakazi, ifike mpaka mgao mwingine. Nilifundisha kukata bukari iliyolala, yaani ugali wa jana, vipande vyembamba, kuianika na kuitwanga iwe uji wa watoto. Kuchemsha sombe, mboga ya majani ya muhogo, asubuhi na jioni isichache. Kusimamisha sufuria ya maharagwe ndani ya beseni la maji baridi. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa kijana, sijaolewa, na nilijiona najua kila kitu.

Kutoka Panda nilihamishiwa Shituru, karibu na kiwanda cha kampuni. Huko nilimkuta Mama Ngoie, mke wa fundi wa kiwandani, mama wa watoto wanne. Nyumba yake ilikuwa safi kuliko zote za barabara ile. Lakini kila nilipofika nilikuta kitu kilekile pipani: bonge zima la bukari na samaki aliyemegwa kidogo tu. Hayakuwa mabaki ya sufuria. Ilikuwa sahani ya mtu mmoja, ila sikulifikiri hilo. Niliandika: "Anatupa."

Mara ya tatu nilimwuliza, nikiwa bado nimesimama mlangoni. "Mama Ngoie, juu ya nini unatupa chakula? Batoto ya bengine banalala na njaa."

Alitazama chumba cha ndani, kisha akanitazama mimi. "Batoto yangu banashiba, monitrisi," alisema polepole. "Ile inabakiaka tu."

Jibu halikunitosha. Kesho yake asubuhi, mbele ya darasa zima, niliweka mezani sahani ya chakula nilichotoa pipani kwake, nikamtaja jina. Wanawake walicheka. Mama Ngoie alikunja kitambaa alichokuwa akishona. Madamu Diretrisi alinipongeza: "Sasa umekuwa monitrisi kweli."

Tangu hapo pipa lake lilikuwa tupu. Nilimwandikia alama nzuri.

Miezi michache baadaye mume wake alianguka kazini, akitapika damu. Kilikuwa kifua kikuu. Alikuwa ameficha ugonjwa kwa kuogopa kuondolewa kazini na kupoteza nyumba, na alimkataza mke wake kusema. Chakula kilichomshinda baba, mama alikuwa akikitupa ili watoto wasile sahani ya mgonjwa. Baada ya siku ile ya darasani, alianza kuwapa.

Baba alifia hospitali. Mtoto wa mwisho, msichana mdogo, alikutwa na ugonjwa uleule. Alitibiwa muda mrefu, akapona.

Nilimwendea daktari. "Ugonjwa huu unasafiri kwa kikohozi, si kwa bukari," aliniambia. "Walilala chumba kimoja. Usijibebeshe hilo." Kisha akaongeza: "Ila wangeletwa mapema, tungefanya kitu. Hakuna mtu aliyekuwa akiingia nyumba ile?"

Nilimjibu kwamba sijui.

Mama Ngoie alirudi kwa ndugu zake Kamina. Nilimfuata kituo cha treni nimeyaandaa maneno ya kuomba msamaha. Kabla sijafungua mdomo, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Monitrisi, mafundisho yako miye nilifwata yote," alisema. "Hata moja sikuacha."

Sikujua kama ananishukuru au ananishtaki. Nilimtakia safari njema, basi. Sikumwona tena.

Nilimalizia kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya chokaa. Kijiti nilikiacha Shituru. Nilipokuta chakula kimetupwa, niliketi na kumwuliza mama: leo nani hakula? Mara alikuwa mtoto mwenye jino bovu, mara mama mwenyewe, mja mzito asiyeweza kuvumilia harufu ya samaki. Wawili niliwapeleka zahanati kwa miguu yangu. Shefu wa Kambi alinung'unika: "Nyumba tatu kwa siku, Mama? Wenzako wanamaliza kumi!"

Sasa nimestaafu. Wasichana wa parokia wanaofundisha akina mama huja kuniuliza habari za zamani, nami nawapa yote: kuanika bukari, kuchemsha sombe. Kisha nawasimulia habari za Mama Ngoie. Kila mara hunifariji: "Mama, hukujua."

Ni kweli, sikujua. Lakini hata kabla ya siku ile ya darasani nilikwisha kufika kwake mara tatu, na mara zote nilipitia kwanza uani, kwenye pipa, kabla ya kumsalimu mwenye nyumba.