Mgongo wa Shangazi Mbele ya Baraza

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Wenzake walimbandika jina la Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Furushi la mashuka mabichi lililowatoa jasho wanawake wawili, yeye alilikumbatia peke yake na kulitupa kwenye mashine ya kukaushia huku akimalizia stori yake.

Asubuhi moja alikuwa akishusha toroli kwenye mteremko wa kutokea chumba cha kufulia. Gurudumu likachomoka. Toroli likapinduka naye bado kalishikilia. Akasikia kitu kimekatika kiunoni, akaketi sakafuni kwenye maji ya sabuni, asiweze kuinuka.

Akadai fidia. Miezi miwili baadaye ikaja barua ya kumkatalia. Watu wa bima ya kiwanda walikuwa wamechimbua faili lake la zahanati wakakuta kwamba miaka sita nyuma alitibiwa mgongo, na picha ilionyesha pingili zimelika. Kwa hiyo, walisema, ugonjwa huu alikuwa nao tangu kabla ya ajali.

Barua ile ilimuuma kuliko kiuno. Nikamwandikia rufaa kwenye baraza la fidia za wafanyakazi. Baba naye alikuwa na mbinu yake.

"Dada, ukifika pale kana. Sema zahanati walichanganya mafaili."

"Nikane mgongo wangu mwenyewe?"

"Watakubana."

"Wanibane. Nilikuwa naumwa, na kazi nilikuwa naifanya. Yote mawili ni kweli."

Siku ya kusikilizwa nilimsindikiza. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni ya kelele, na mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja ambaye miwani yake imeshuka hadi ncha ya pua. Mwanasheria wa bima, kijana mtanashati, akaanza.

"Mama, ni kweli ulikuwa na ugonjwa wa mgongo kabla ya ajali?"

"Kweli kabisa, mwanangu. Tena kukiwa na baridi ulinisumbua hasa."

Nikafumba macho.

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali nilikuwa naumwa. Sasa niulize nilikosa kazini siku ngapi kwa ajili yake."

Kijana hakuuliza. Aliyeuliza ni mwenyekiti, akimgeukia msimamizi wa zamu aliyeletwa na kiwanda. Msimamizi akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa hadi wa mwisho.

"Hakuna hata siku moja, mheshimiwa." Halafu, bila kuulizwa: "Huyu sisi tunamwita Winchi."

Hata mwanasheria alicheka. Shangazi hakucheka. Alinyoosha shingo tu.

Alishinda. Uamuzi ulisema, kwa maelezo ya daktari wa mifupa, kwamba pingili zilikuwa zimechoka kweli, lakini ajali ndiyo iliyomwangusha. Alipwe fidia na matibabu yaendelee. Mstari mmoja alitaka nimsomee mara tatu: "Mfanyakazi huyu alimudu kazi nzito kikamilifu hadi asubuhi ya ajali."

"Kikamilifu," akarudia, kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Umesikia? Wameandika."

Siku hizi anavaa mkanda kiunoni na anakaa meza ya kukagua mashuka. Wiki iliyopita mpiga pasi mmoja mwenye kisukari, aliyeungua mguu kazini, alikuja nyumbani kalibana faili kwapani kwa aibu. Shangazi akamvutia kiti.

"Anza na ulichokuwa unaumwa zamani," akamwambia. "Na usiruke kitu."