Pampu Iliyoita Kila Jioni

Mwaka 2013 nilipata kazi katika mradi wa utafiti uliokuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini Kasulu. Watafiti wenyewe walikaa mbali, walikuja mara mbili kwa mwaka. Huku nilibaki mimi, mkuu wangu wa kazi, na fundi mmoja wa pampu. Mimi nilifunga visanduku vya plastiki kwenye pampu za mkono za vijijini. Ndani ya kisanduku kulikuwa na laini ya simu na kifaa kilichohisi mpini ukipanda na kushuka. Kila jioni kilituma ujumbe kwenye kompyuta ya ofisini, bila kuguswa na mtu: pampu imetumika, au pampu imelala. Ikilala siku mbili, fundi alipanda pikipiki.

Kijiji ninachokikumbuka kiko kwenye vilima, mbele ya Rungwe Mpya. Mtunza pampu alikuwa mama mjane, mzaliwa wa Burundi aliyekwisha kuwa raia wetu, mkulima wa mihogo na maharage. Ufunguo wa uzio wa pampu aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Siku niliyofunga kisanduku alisimama karibu nami akitazama kila nati.

“Sasa pampu ikiharibika, nani atatembea kuja kuwaambia?”

“Hakuna wa kutembea, mama. Kisanduku chenyewe kitaniita.”

“Kitakuita wewe?”

“Mimi.”

Alicheka, akanipigia makofi ya taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha. Zamani kila kaya ilichangia matengenezo, na mwanamume mmoja alitumwa kwa baiskeli kumtafuta fundi mjini. Baada ya kisanduku, kamati ya maji iliacha kuchangisha. Niliwaambia mwenyewe kwamba hakuna haja. Kwenye ripoti tuliandika kuwa jamii imebadili tabia, na watafiti walifurahi sana.

Mwaka ule wa kwanza mambo yalikwenda. Pampu iliharibika mara moja, fundi akafika siku ya tatu, akina mama wakapiga vigelegele.

Mwaka uliofuata awamu ya kwanza ikaisha. Tuliandika kuomba ya pili, tukakataliwa. Mfadhili alisema sasa anatafuta vifaa vya kizazi kipya, vya mtandao wenye kasi, na sehemu kubwa ya vijiji vyetu mtandao huo ulikuwa wa kupanda kichuguu ndipo uupate. Fundi akaachishwa kazi. Pikipiki ikarudishwa. Mimi nilibakizwa ili nimsaidie mkuu kuandika maombi mapya kwa mfadhili mwingine.

Nilimuuliza mkuu kama twende tukawaambie watu wa vijijini.

“Ngoja kwanza,” alisema. “Tukiwaambia sasa watakata tamaa, na fedha zikija tutaanza moja.”

Nikangoja. Sikulazimishwa. Niliona ana hoja, na pia niliona haya kwenda.

Katikati ya kiangazi ikaja barua kwamba vifaa vyote virudishwe. Nilikodi bodaboda, nikapanda vilimani na spana kwenye begi.

Yule mama aliniona kutoka shambani. Alikuja mbio, jembe mkononi.

“Umekuja! Niliwaambia utakuja. Walitaka kuchanga, nikawaambia subirini, kisanduku kimeshamwita. Wamenitukana, mwanangu, lakini nikawaambia subirini.”

Pampu ilikuwa imeharibika, haitoi maji kwa wiki nyingi. Maji waliyachota kijitoni bondeni, mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile, kwamba mjukuu wake wamemzika Jumanne. Mtoto alihara siku mbili. Walimbeba kwa baiskeli kumpeleka hospitali Kabanga, akakata roho kabla hawajafika.

Nilisema pole.

Alipoona spana aliwaita wenzake kwa Kiha, wakaja na madumu yao wakayapanga foleni. Nilipiga magoti nikaanza kulegeza nati. Zilikuwa nne. Nilipofika ya tatu akauliza, “Mbona unafungua hicho tu?”

“Mama, mradi umekwisha. Nimekuja kukichukua.”

“Na fundi?”

“Hakuna fundi.”

Hakuna aliyenitukana. Mwanamke mmoja alinyanyua dumu lake akaondoka, wengine wakamfuata. Mama alibaki ameshika uzio mpaka nilipomaliza nati ya nne.

Ofisini, tangu fundi aondoke, sikuwa nimefungua ule ukurasa wa ujumbe. Kesho yake niliufungua. Laini ilikuwa bado hai. Pampu imelala. Pampu imelala. Jioni baada ya jioni, mstari chini ya mstari, hadi jioni ya kuamkia siku niliyokifungua kisanduku. Nilitafuta ile Jumanne nikaiona, imefanana na siku nyingine zote.

Nilimwita mkuu aje aone. Alisoma, kisha akavuta kiti.

“Huu ni ushahidi,” alisema. “Kifaa hakikukosea hata siku moja. Hili liingie kwenye maombi.”

“Kuna mtoto amekufa kule.”

“Najua, na ninasikitika. Lakini tukipata fedha, hayatatokea tena.”

Nililiandika mimi, kwa lugha safi. Niliandika kwamba kifaa kilitambua hitilafu na kuitolea taarifa kwa ukamilifu. Fedha zilipatikana, nyingi kuliko za mwanzo, kwa ajili ya vifaa vipya vya kujaribiwa katika miji mikubwa. Mkoa wetu wa Kigoma haukuwemo. Mkuu aliniomba niende naye huko, nikakataa. Wakati huo kukataa hakukuwa na faida kwa mtu yeyote.

Mwaka 2015 nilirudi kijijini nikiwa nimekusudia kumweleza yule mama kila kitu. Pampu ilikuwa inatoa maji. Watu walichanga wenyewe wakamleta fundi. Nyumbani kwake nilimkuta binti yake, mama wa yule mtoto, anamenya mihogo.

“Mama hayupo,” alisema. “Amehamia Mabamba kwa kaka yake. Watu walisema yeye ndiye aliyewazuia wasichange mapema. Kila akienda kisimani walinyamaza. Akashindwa kukaa.”

Kisha akauliza kama nina ujumbe apelekewe.

“Hapana,” nikasema. “Nilipita kusalimia.”

Akanisogezea kigoda na kisu. Tulimenya pamoja mpaka mvua ilipoanza kudondoka, nikaaga.