Kapsuli za Koko na Sungura wa Antanimasaja

Sisi tuliokua mjini Mahajanga miaka ya sabini ikielekea mwisho tunajua dawa ilikuwa nini. Sabuni ilikuwa ya foleni, mafuta ya kupikia ya foleni, na ukibahatika kupata kapsuli za antibiotiki, zile za rangi mbili, uliziweka kwenye kopo moja na pete zako za dhahabu. Zilitibu kila kitu. Jino likiuma, kapsuli. Ukijikata, unaifungua, unamwaga unga wake kwenye kidonda, unarudi kuruka kamba. Watoto wa siku hizi wakiparuzwa na paka wanataka teksi ya hospitali.

Kwetu, mtaa wa Antanimasaja, kopo lilikuwa la Koko, ndivyo sisi wenye asili ya Ngazija tunavyomwita bibi. Alikuwa na kidonda mguuni, na daktari alimwandikia kapsuli za siku kumi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sungura mmoja mweupe, Pamba, aliyelala chini ya kitanda changu na kunuka matembele. Asubuhi moja akaanza kupiga chafya, pua ikatoka usaha. Mama akasema sungura ni kitoweo, achinjwe kabla hajakonda. Nilimwamini kabisa, Mama hakuwa mtu wa mizaha.

Nikamng'ang'ania Koko. Nililia tangu alasiri mpaka magharibi, nikakataa hata mkate wa nazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu. Mwishowe akafungua kopo. Alifungua kapsuli, akachanganya unga wake na ndizi mbivu, akamlisha Pamba kwa kidole. Nusu asubuhi, nusu jioni, na yeye mwenyewe akaacha kumeza. Mama aliambiwa mguu unaendelea vizuri.

Siku ya pili Pamba akaacha kula. Siku ya tatu akaharisha. Siku ya nne nilimkuta amekauka. Koko alikaa nami sakafuni, mguu ameunyoosha, akaniambia kwa Kingazija, "Niwie radhi, mwanangu. Nilimpunja. Ningempa nzima angepona."

Nami, kwa kiburi chote cha miaka tisa, nikamjibu, "Nimekusamehe, Koko."

Kidonda chake kilichukua miezi kufunga, na tangu hapo alichechemea.

Mwaka jana, hapa Andoany, kisiwani Nosy Be ninakoishi sasa, sungura wa mjukuu wangu alianza chafya zilezile. Nikatoa kapsuli zangu. Mtoto akanitazama kama mtu aliyetoka porini, akaiuliza simu yake, kisha akanikokota mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari akaeleza, bila haraka, kwamba sungura halishwi dawa za jamii ya penisilini: zinaua vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula, tumbo linaharibika, anakufa. Zile za Koko zilikuwa za jamii hiyohiyo; kapsuli nzima ingemuua Pamba mapema zaidi. Akatupa dawa nyingine, na huyo sungura yupo, anatafuna zulia langu.

Watoto hawa wanajua kuuliza, nawapa haki yao. Sisi tuliwalilia wakubwa, na wakubwa walitoa walichokuwa nacho. Koko alifariki zamani, akiamini kwamba alimnyima sungura dawa. Inaniuma. Radhi nilipaswa kuiomba mimi, lakini yeye ndiye aliyeiomba, nami nikampa.