Safari ya Roma

Juzi niliona kalenda yenye picha ya Roma katika duka moja la mtaa wa Himbi, nikamkumbuka Mama. Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, alikuwa amelala mgonjwa nyumbani kwetu, mtaa wa Keshero, chumba kikinukia dawa na mikaratusi, nasi tukipanga kwenda Roma.

"Tutaanza na kanisa kubwa," alisema taratibu, "kisha tutatembea mpaka miguu iume."

"Na Papa?" niliuliza, nikimtazama baba yangu aliyekaa kando ya kitanda.

"Papa atabaki kulinda nyumba."

Papa alitoka nje, nikamsikia akilia. Nilidhani ni wivu. Nikamfuata.

"Papa, usilie. Nitakuachia nafasi yangu, wewe uende na Mama."

Alinikumbatia mpaka nikaumia. "Hapana, mutoto wangu. Mimi na wewe tutabaki."

Niliamini amenikatalia Roma. Nilimnunia mpaka siku tulipomzika Mama.