Maputo ya Harusi na Mashine ya Mikorosho

Nasema mwenyewe, maana hapa Naipingo wanaonicheka ni wengi, hata wasiokuwepo. Mjukuu wangu Zuhura alikuwa anaolewa na watu wa Ruangwa, watu wa kujisikia, nami sikutaka watudharau. Mpambaji nikamkataa. Kupuliza maputo tu, mpaka nimwite mtu wa mjini?

Puto la tatu pumzi ikakata. Uzee huu, acheni tu. Nikachukua mashine ya kupulizia salfa mikorosho, ile ya kubeba mgongoni, nikaikung'uta vizuri, tena sana, nikayajaza yote. Walioniuliza niliwaambia nimepuliza kwa mdomo. Wakanisifu!

Mchana sheikh kakaa chini ya maputo aozeshe. Bati likawaka jua, puto likapasuka, likafuata lingine, na lingine. Unga wa njano ukamwagikia kanzu ya bwana harusi, wakwe wakatoka nje wanapiga chafya. Eti kosa langu! Joto la bati nalo nililileta mimi?

Baba wa bwana harusi, naye mkulima wa korosho, akanusa kiganja chake, akanigeukia mbele ya wote.

"Mzee wangu, si ulisema umepuliza kwa mdomo? Sasa hii salfa uliila lini?"